Mswada wa Fedha au miswada midogo: upi uusome kwanza?

Tarehe 15 Oktoba 2025, siku ambayo Kenya ilikuwa ikimlilia Raila Odinga aliyefariki India asubuhi hiyo, Rais William Ruto alitia saini miswada minane. Ilihusu mambo yasiyo na undugu wowote: uhalifu wa mitandaoni, biashara ya sarafu za kidijitali, ubinafsishaji wa mashirika ya umma, ardhi, Tume ya Kitaifa ya Ardhi, wanyamapori, Tume ya Huduma ya Polisi na ada ya abiria wa ndege. Wengi wetu tulianza kuijadili siku zilizofuata, wakati ilikuwa imeshakuwa sheria.

Hakuna mtu mwenye kazi, watoto na shamba anayeweza kusoma kila kinachochapishwa na Bunge. Ukiwa na jioni moja tu, basi, uitumie kwa mswada upi? Nimeweka hapa aina nne za miswada ya miaka hii ya karibuni ubavu kwa ubavu. Nimezipima kwa mambo matatu: kosa likipita litachukua muda gani kurekebishwa, maandishi yenyewe yanasomeka kwa kiasi gani, na sauti ya mwananchi mmoja ina uzito gani. Niseme mapema ninakoelekea: kwa wengi wetu, Mswada wa Fedha haufai kuwa wa kwanza kwenye orodha.

Mswada wa Fedha

Huu ndio mswada wa ushuru wa kila mwaka, unaojulikana kuliko yote, na una ratiba isiyobadilika. Hufika Bunge la Kitaifa kufikia Aprili 30, wananchi husikizwa Mei, wabunge hupiga kura Juni, na mengi yaliyomo huanza kutekelezwa Julai 1. Hauendi Seneti, kwa sababu Kifungu cha 114 cha Katiba kinaliachia Bunge la Kitaifa peke yake miswada ya kutoza ushuru. Ukikosa nafasi yako mwezi wa Mei, hakuna bunge la pili litakalokusikiza.

Uzito wa sauti ya umma katika mswada huu hauna ubishi. Ule wa 2024 ulilenga kukusanya shilingi bilioni 346.7 zaidi. Ulitaka mkate utozwe VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, gari litozwe kila mwaka asilimia 2.5 ya thamani yake, na mafuta ya kupikia yaongezewe ushuru wa asilimia 25. Juni 18 wabunge wa mrengo wa serikali walitangaza kwamba ushuru wa mkate na wa magari umeondolewa. Juni 25 mswada ukapita kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana wakaingia majengo ya Bunge, watu wakauawa kwa risasi, na siku iliyofuata Rais akakataa kuutia saini. Damu iliyomwagika siku ile haiwezi kuwekwa kwenye mizani ya ulinganisho wowote, wala sitajaribu kufanya hivyo.

Ila tazama kilichofuata. Desemba mwaka uleule ilitiwa saini sheria nyingine ya marekebisho ya kodi, ikaanza kutumika Desemba 27, na ndani yake mlikuwa na hatua zilizokuwa katika mswada ulioanguka Juni. Mojawapo ni kodi ya kampuni za kigeni zinazofanya biashara ya mtandaoni hapa nchini bila kuwa na ofisi. Sheria hiyohiyo ilikuwa na nafuu pia: michango ya bima ya afya na ya nyumba ikaanza kutolewa kwenye mshahara kabla ya kodi kukokotolewa. Ninachosema ni kwamba mambo ya ushuru hayafi, yanarudi. Hilo ni baya kwa aliyeshinda mwaka jana na ni zuri kwa aliyeshindwa, maana kila Mei kuna nafasi mpya ya kulirudia jambo lilelile.

Kusomeka ndiko kunakousumbua mswada huu. Chukua ule wa 2025. Ulipendekeza kuhamisha bidhaa kadhaa, zikiwemo malighafi za chakula cha mifugo, simu zinazounganishwa nchini, pikipiki za umeme na betri za sola, kutoka orodha ya VAT ya kiwango cha sifuri hadi orodha ya bidhaa zilizosamehewa. Masikioni mwa mtu wa kawaida, kusamehewa ni habari njema, lakini kwa mwenye kiwanda ni kinyume chake. Bidhaa yake ikiwa kwenye kiwango cha sifuri, anadai arudishiwe VAT aliyolipa kwa umeme, vifungashio na usafirishaji. Ikiwa imesamehewa, hawezi kudai chochote. Gharama hiyo ataiingiza kwenye bei ya gunia, na mfugaji wa kuku wa Thika au Kilifi ndiye atakayeilipa. Wenye viwanda waliliona hilo haraka wakapeleka maoni, na baadhi ya bidhaa zikabakizwa zilipokuwa.

Mswada uleule ulikuwa na Kifungu cha 52, kifupi mno, kilichosema kwamba kifungu kidogo cha (1B) katika kifungu cha 59A cha Sheria ya Taratibu za Kodi kifutwe. Ukiusoma mswada peke yake hujui kinachofutwa. Ukifungua sheria yenyewe unakuta kwamba maneno hayo ndiyo yanayoizuia Mamlaka ya Ushuru, KRA, kumlazimisha mfanyabiashara kutoa siri za biashara yake na data binafsi za wateja anapounganisha mifumo yake na ya mamlaka hiyo. Kamati ya Fedha, ikiongozwa na mbunge wa Molo Kuria Kimani, ilisikiliza malalamiko na kukiondoa. Ni ushindi mkubwa uliopatikana kwa maandishi tu.

Kwa nini basi nisikwambie uanze hapa? Kwa sababu Mswada wa Fedha una wasomaji wengi tayari. Siku chache baada ya kuchapishwa, kampuni kubwa za uhasibu hutoa uchambuzi wa bure, chama cha wenye viwanda hutoa wake, wahasibu wao, magazeti yao. Sauti yako ndani ya kelele hiyo husikika zaidi pale tu unapoijua biashara inayoguswa kuliko wao: wewe ndiye unayechanganya chakula cha kuku, wewe ndiye unayeuza betri za sola Lodwar. Kama huna jambo la namna hiyo, uchambuzi wa wengine utakutosha.

Miswada ya makato ya kudumu: afya na nyumba

Aina ya pili inafanana na ya kwanza kwa kuwa inagusa mfuko, lakini inatofautiana nayo kwa jambo kubwa: hairudi kila mwaka. Ikishapita, kato linakaa kwenye hati ya mshahara miaka nenda miaka rudi.

Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilitiwa saini Oktoba 2023, na mwaka mmoja baadaye mamlaka mpya ya bima ya afya, SHA, ikachukua nafasi ya mfuko wa zamani, NHIF. Zamani mchango ulipanda kwa ngazi hadi shilingi 1,700 kwa mwezi ukakoma hapo. Sasa ni asilimia 2.75 ya mshahara wote, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300, bila dari. Tofauti inaonekana wazi ukiweka tarakimu pamoja:

| Mshahara kwa mwezi | NHIF | SHA |
|---|---|---|
| Sh20,000 | Sh750 | Sh550 |
| Sh50,000 | Sh1,200 | Sh1,375 |
| Sh100,000 | Sh1,700 | Sh2,750 |
| Sh200,000 | Sh1,700 | Sh5,500 |

Jedwali hili linaonyesha kitu ambacho mijadala mingi ya mtandaoni ilikificha: anayepata shilingi 20,000 sasa anakatwa kidogo kuliko zamani. Kama mjadala ungejikita kwenye tarakimu hizi mwaka 2023, huenda tungetumia muda mwingi zaidi kuuliza maswali magumu kuliko lile la asilimia. Mama mboga ambaye kipato chake hakina tarehe atalipaje mchango wa mwaka mzima kwa mkupuo mmoja? Hospitali zitalipwa baada ya siku ngapi? Maswali hayo yalikuja kuulizwa wagonjwa wakiwa tayari wamesimama kwenye kaunta.

Ada ya nyumba nayo ni asilimia 1.5 kwa mfanyakazi na asilimia 1.5 kwa mwajiri. Historia yake ndiyo inayonifanya niitazame aina hii ya miswada kwa uzito. Iliingia kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba 28, 2023 Mahakama Kuu ikaibatilisha, hoja mojawapo ikiwa kwamba ilibagua kwa kuwatoza walioajiriwa rasmi peke yao. Serikali haikuiacha. Bunge lilitunga Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ikatiwa saini Machi 19, 2024, ikiwa imepanuliwa hadi kwa wasiolipwa mshahara. Yaani kesi ilishinda, kisha kato likarudi likiwa na wigo mpana zaidi.

Bima ya afya ilipitia njia inayokaribiana na hiyo. Julai 12, 2024 Mahakama Kuu ilitangaza sheria tatu za afya kuwa kinyume cha Katiba, sababu mojawapo ikiwa upungufu wa kuushirikisha umma, lakini Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo na makato yakaanza Oktoba. Na Sheria ya Fedha ya 2023 yenyewe ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa Julai 31, 2024, ikarudishwa na Mahakama ya Juu Oktoba 29 mwaka huohuo. Anayepanga kunyamaza bungeni halafu ategemee majaji aisome hiyo ratiba pole pole.

Kwa hivyo, tukilinganisha miswada miwili ya pesa inayokuja wakati mmoja, mmoja wa ushuru wa kila mwaka na mwingine wa kuanzisha mfuko mpya, mimi ningechagua huo wa mfuko bila kusita. Kosa la kwanza lina Mei nyingine. La pili linaweza kudumu hadi ustaafu.

Miswada mifupi ya marekebisho

Hapa ndipo ninapotaka jioni yako iende.

Miswada hii huwa na kurasa chache. Mara nyingi inaletwa na mbunge mmoja, si Hazina wala Ikulu, na kwa hiyo haina hotuba ya bajeti wala matangazo makubwa. Kazi yake ni kubadilisha maneno machache ndani ya sheria iliyopo. Maneno hayo machache hugusa mambo ambayo hayahesabiki kwa shilingi: unachoandika, unakokusanyika, anayejua unachofanya na simu yako.

Wa kwanza ni wa uhalifu wa mitandaoni, ulioletwa na mbunge wa Wajir Mashariki Aden Mohamed kurekebisha sheria ya 2018. Ulipotiwa saini, watu walisambaza kwa hofu ile adhabu ya faini ya hadi shilingi milioni 20 au kifungo cha hadi miaka 10. Adhabu hiyo ilikuwemo tangu 2018. Jipya lilikuwa upana wa kosa: mawasiliano yanayoweza kumfanya mtu ajiue yaliongezwa kwenye kifungu cha 27 kinachohusu unyanyasaji wa mtandaoni. Kisha kamati ya kitaifa inayoratibu mambo ya uhalifu wa kompyuta ikapewa uwezo wa kuagiza tovuti au programu zifungwe pale zinapoendeleza shughuli haramu, ponografia ya watoto, ugaidi au imani potovu za kidini.

Baadhi ya makusudi hayo ni ya haki. Mtu yeyote aliyesikia habari za Shakahola, ambako zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa dhehebu moja ilifukuliwa, anaelewa kwa nini mbunge ataje imani potovu. Na wasichana wanaotishiwa kwa picha zao wanahitaji sheria yenye meno. Lakini nani atapima kwamba maandishi fulani "yanaweza" kumfanya mtu ajiue? Mwandishi aliyefichua wizi wa dawa hospitalini, na mkuu aliyetajwa akasema amevunjika moyo, atajitetea vipi? Hayo ndiyo maswali ambayo mwananchi yeyote angeweza kuuliza kwa ukurasa mmoja, bila kuwa mhasibu wala wakili. Oktoba 22, 2025, wiki moja baada ya saini, Mahakama Kuu ilisimamisha kwa muda sehemu za kifungu hicho cha 27, kufuatia kesi ya mwanamuziki wa injili Reuben Kigame na shirika la haki za binadamu la KHRC. Kazi ambayo ingefanywa na barua za wananchi ikabebwa na walalamishi wachache kortini.

Wa pili ni mswada wa Mwakilishi wa Kike wa Nairobi, Esther Passaris, wa kurekebisha Sheria ya Utulivu wa Umma mwaka 2025. Ulipendekeza kuzuia maandamano ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na maeneo yanayolindwa, na atakayekiuka atozwe faini ya hadi shilingi 100,000, au afungwe miezi mitatu, au vyote viwili. Mita 100 zinasikika kidogo. Chukua ramani ya katikati ya Nairobi uchore duara la mita hizo kuzunguka Bunge, Mahakama ya Juu na Harambee House, uone barabara zinazobaki kwa mtu anayetaka kiongozi amsikie. Kwenye miji midogo ambako korti, polisi na ofisi za serikali ziko kwenye kiwanja kimoja, mara nyingi duara hilo linaumeza mji. Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na sheria iliyopo tayari inadai polisi waarifiwe angalau siku tatu kabla. Mwenye duka kwenye barabara ya Tom Mboya jijini Nairobi ambaye mlango wake ulivunjwa ana haki ya kutaka ulinzi, nami siipuuzi hasara yake. Lakini aliyeiba dukani ana kosa lake katika sheria ya jinai, na kumhamisha mwandamanaji mita 100 hakumkamati mwizi.

Wa tatu ni wa mbunge wa Aldai, Marianne Kitany, wa 2025 pia, kuhusu intaneti. Ulitaka kampuni za intaneti ziwe na mfumo wa mita, kila mteja apewe nambari yake, atozwe kwa kadiri alivyotumia, na taarifa ziwasilishwe kwa Mamlaka ya Mawasiliano. Aliyeutetea angeweza kusema kwamba mteja atalipa alichotumia tu. Lakini familia inayolipia wifi ya mwezi kwa bei moja, na kijana anayesambaza wifi ya bei nafuu mtaani Mathare au Likoni, wangepoteza kinachofanya huduma hiyo iwezekane. Halafu kungekuwa na nambari moja inayofuata matumizi ya kila nyumba. Soma mswada huu kando ya Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha, halafu urudi kwenye kile Kifungu cha 52 cha Mswada wa Fedha. Swali ni lilelile, la nani aone nini kuhusu maisha yako, ila limeletwa kupitia milango miwili tofauti mwaka mmoja.

Ukiipima kwa vigezo vyangu, miswada hii mifupi inashinda mara mbili. Inasomeka: ukiwa na mswada na sheria mama, yaani ile inayorekebishwa, kwenye skrini moja, utaimaliza kabla ya chakula cha usiku. Na sauti yako ina uzito, maana kamati inaweza kupokea barua chache tu. Upande wa tatu ndio unaotisha. Makosa yake hayana Mei nyingine, na anayeumia mara nyingi ni mtu mmoja mmoja, kwenye seli ya polisi, bila umati wa kumtetea.

Mswada wa kubadilisha Katiba: NG-CDF

Huu umesimama peke yake. Mahakama Kuu iliamua Septemba 20, 2024 kwamba Sheria ya 2015 ya NG-CDF, mfuko wa maendeleo ya maeneobunge, ni kinyume cha Katiba na mfuko huo ukome Juni 30, 2026. Wabunge wakaleta mswada wa kuuingiza mfuko huo ndani ya Katiba yenyewe, pamoja na mfuko wa wawakilishi wa kike na mfuko wa maseneta wa kusimamia kaunti. Mei 2025 wananchi walisikizwa katika maeneobunge yote 290, na Julai 1 Bunge la Kitaifa likaupitisha. Mabadiliko ya Katiba kwa njia ya Bunge yanahitaji theluthi mbili ya wabunge katika Bunge la Kitaifa na Seneti pia.

Kwa kusomeka, hakuna mswada ulio mwepesi zaidi. Kwa kudumu, hakuna ulio mzito zaidi. Kinachopungua ni uzito wa sauti ya mtu mmoja, na sababu yake ni basari. Mzazi ambaye mwanawe yuko kidato cha tatu kwa pesa za mfuko huo hawezi kusimama kwenye ukumbi wa kijiji, mbele ya wasaidizi wa mbunge, aseme kwamba mbunge hapaswi kutunga sheria, kuikagua serikali na papo hapo kushika pesa za miradi. Wala simlaumu hata kidogo. Ndiyo maana anayeweza kuandika bila kutegemea basari anapaswa kuandika, na aandike kuhusu njia mbadala ya kumlipia mtoto huyo karo, si kuhusu kanuni peke yake. Maoni yanayosema tu "mfuko ufutwe" hayajamjibu mzazi.

Mizuri isiyo na watetezi

Niguse kidogo jambo ambalo hatulizoei: kuandika kuunga mkono. Mswada wa Mgongano wa Maslahi ulichapishwa 2023 kuwazuia maafisa wa umma kufanya biashara na ofisi wanazozisimamia. Ulizunguka kati ya Bunge, Seneti na Ikulu hadi Julai 30, 2025 ndipo ukatiwa saini. Kwa muda huo wote walioutaka uwe dhaifu walikuwa ndani ya chumba, na waliotaka uwe mkali walikuwa nje wakijadili ushuru. Hata Mswada wa Fedha wa 2025 ulikuwa na kipengele cha kupandisha posho ya safari za kikazi isiyotozwa kodi kutoka shilingi 2,000 hadi 10,000 kwa siku, nafuu ya kweli kwa wafanyakazi wanaolala nje ya vituo vyao. Kamati ikiona barua za kupinga tu, haina namna ya kujua kipi cha kulinda wakati wa kupunguza.

Basi uchague upi, na kwa njia gani

Mwenye biashara aanze na Mswada wa Fedha, lakini asome kipengele kinachogusa bidhaa yake peke yake. Aliyeajiriwa aweke macho kwenye miswada inayoanzisha mfuko au mamlaka mpya, maana ndiyo inayoandika kwenye hati yake ya mshahara. Mwanafunzi, mwanahabari, mwanaharakati, mhubiri, mtu yeyote anayeishi kwa kusema, aanze na miswada mifupi ya marekebisho. Ukiwa huna hakika uko kundi lipi, chagua mifupi.

Njia nazo hazilingani. Kikao cha ana kwa ana kina faida ya kuonekana, ila dakika zako ni chache na aliyekaa karibu na kipaza sauti huongea zaidi. Maoni ya maandishi hubaki kwenye kumbukumbu, na kesi ikifika mahakamani ndiyo ushahidi kwamba jambo lilisemwa likapuuzwa. Kamati hutangaza siku ya mwisho kwenye magazeti na tovuti ya Bunge, nawe unatuma kwa Karani wa Bunge kwa barua pepe au kwa mkono. Andika kwa Kiswahili ukitaka. Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya kuwa lugha rasmi sawa na Kiingereza, ingawa miswada yenyewe huchapishwa kwa Kiingereza.

Anza kusoma mswada kutoka nyuma, kwenye taarifa ya malengo na sababu, ambako aliyeuleta anaeleza anachotaka. Kisha tafuta kila mahali palipoandikwa kwamba kifungu fulani "kinafutwa" na ufungue sheria mama kwenye tovuti ya Kenya Law, bila malipo, uone kinachoondoka. Barua yenyewe iwe fupi na iwe na sehemu tatu: nambari ya kifungu, madhara yake kwa mtu wa kazi yako au mtaa wako, na maneno unayopendekeza yawekwe badala yake. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo inayoachwa na wengi, na ndiyo inayomsaidia mbunge aliye upande wako. Ana dakika chache za kusimama na kupendekeza marekebisho, na hawezi kupendekeza hasira.

Mswada ukiwa umeshapita, bado kuna ombi la Kifungu cha 119 cha Katiba. Mtu yeyote anaweza kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria, bila kuhitaji wakili wala saini za watu wengi. Ni njia ya polepole kuliko kesi, na haisimamishi chochote wakati inasubiri. Kwa sheria inayoweza kukupeleka jela wiki ijayo, nenda kortini pamoja na wengine. Kwa sheria inayokukata kidogo kidogo kila mwezi, au kifungu kimoja kilichoandikwa vibaya, ombi linatosha kuanzia, na unaweza kuliandika leo.